Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utunzaji wa Ngozi ya Uso na Mwili

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila siku kwenye kliniki ya ngozi ninakofanya kazi. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'ona mlango ukishafungwa. Nimeanza na ya msingi, kisha nikaenda kwenye hali maalumu. Pale jibu moja linapogusa lingine nimetaja namba ya swali, usilazimike kusoma jambo lilelile mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Ngozi inafanya kazi gani, zaidi ya kufunika mwili?

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia kati ya mita za mraba 1.5 na 2. Sehemu yake ya juu kabisa ni nyembamba mno: seli zilizokufa, zilizolaliana kama makuti ya paa, na katikati yake mafuta yanayozishikamanisha. Paa hilo huzuia maji ya mwili yasitoroke, na huzuia vijidudu, vumbi na kemikali visiingie. Likitoboka, ngozi hupauka na kuwasha, na losheni uliyoipaka miaka yote bila shida huanza kukuchoma.

Chini ya paa hilo seli mpya huzaliwa kila siku, hupanda taratibu, mwishowe hupukutika. Safari hiyo huchukua kama wiki 4 kwa kijana, na zaidi kadiri umri unavyosogea. Ndiyo maana utaniona nikihimiza subira ukurasa huu wote. Krimu inayokubadilisha rangi ndani ya siku 5 haikutunzi, inakubomoa (tazama swali la 19).

2. Ngozi ya uso na ya mwili zinatofautianaje? Naweza kutumia mafuta yaleyale?

Ngozi nyembamba kuliko zote iko kwenye kope, na nene kuliko zote iko kwenye viganja na nyayo. Viganja na nyayo havina kabisa tezi za mafuta. Uso, kifua na mgongo zimejaa tezi hizo, ndiyo maana chunusi hupenda kukaa huko. Miundi ya miguu ina tezi chache, ndiyo maana hupauka kwanza.

Losheni nyepesi isiyo na manukato inaweza kutumika kote. Mafuta mazito ya kukanda miguuni usiyapeleke usoni, hasa kama una chunusi.

3. Nitajuaje aina ya ngozi yangu?

Nawa uso kwa kisafishi laini, jifute, usipake chochote kwa saa 1, kisha jitazame kwenye mwanga wa dirisha. Uso ukimeta wote, una ngozi ya mafuta. Ukimeta paji na pua tu, ni mchanganyiko. Ukivuta na kuonesha unga mweupe, ni kavu. Ukiwa mwekundu au ukichomachoma hata kwa maji, ni ngozi nyepesi kudhurika.

4. Vitu gani ni vya lazima na vipi ni vya ziada?

Vya lazima ni vitatu: kisafishi laini, kilainishi na kinga ya jua. Tona, seramu, barakoa za uso na krimu za kuzunguka macho ni nyongeza, na watu wengi wanaishi vizuri bila hata kimoja. Nimepokea watu wenye chupa 11 kwenye mkoba na uso unaowaka moto. Tunaziweka zote kando kwa wiki 4, tunabaki na hivyo vitatu, na mara nyingi nusu ya tatizo huondoka bila dawa yoyote.

Ukiongeza kitu kipya, ongeza kimoja kwa wakati mmoja. Kijaribu kwanza kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara 2 kwa siku, kwa siku 7. Kisipokuwasha hapo, kipeleke usoni.

## Kuosha na kuoga

5. Ninawe uso mara ngapi, na kwa sabuni gani?

Mara 2 kwa siku zinatosha, asubuhi na jioni, na mara nyingine ukitoka kutoka jasho jingi. Wenye ngozi kavu wanaweza kutumia maji matupu asubuhi. Ya jioni usiiruke, maana ndiyo inayoondoa vumbi, jasho, vipodozi na kinga ya jua.

Kuhusu sabuni: ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho chini ya 7 ni asidi) ni karibu 5. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10, na hiyo hulegeza mafuta yanayoshikilia lile paa la swali la 1. Jaribu leo hii. Nawa, jifute kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kaa dakika 10 bila kupaka kitu, halafu tabasamu. Ukihisi mashavu yanavutwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani, sabuni hiyo ni kali kwako. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mvuto huo ndio usafi wenyewe. Uso uliosafishwa vizuri haukazi wala hautelezi, unakaa tu kama kawaida.

6. Nioge maji ya moto? Na dodoki je?

Maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Maji ya moto hupendeza, lakini huyeyusha mafuta ya ngozi, na mtu mwenye ukurutu atajuta usiku mzima kwa kujikuna. Sabuni inahitajika zaidi kwapani, kinenani, matakoni na miguuni. Mikono na miundi, kama hukufanya kazi ya kukuchafua, inatosheka na maji yanayotiririka.

Dodoki litumie kwa mkono mwepesi, mara 1 au 2 kwa wiki, na usilipeleke usoni. Likamue, litundike mahali pakavu penye hewa, na ulibadilishe mara kwa mara, kwa sababu dodoki bichi linaloning'inia bafuni ni makao ya bakteria. Kila mtu awe na la kwake. Kusugua kwa nguvu ili "kutoa weusi" huleta weusi zaidi, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 15.

## Kulainisha

7. Je, ni kweli mafuta ya mgando yanaziba ngozi? Na gliserini inafaa?

Mafuta ya mgando, yale ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kufunika maji yaliyopo yasipotee, na kwa kazi hiyo ni vigumu kuyapata mengine yanayoyazidi. Ukiyapaka juu ya ngozi kavu umefunga mlango wa nyumba tupu. Yakiwa yamesafishwa vizuri hayaleti chunusi kwa watu wengi, ila kwenye uso wenye mafuta yataonekana mazito.

Gliserini ni kinyume chake: inavuta maji. Ikipakwa tupu, hasa hewa ikiwa kavu, inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi na kukuacha unanatanata na mkavu. Ichanganye na maji, au tumia losheni iliyokwisha kuiweka kwa kipimo.

Utaratibu ninaowafundisha watu ni huu. Ukitoka kuoga, jikaushe kwa kugusagusa taulo mpaka matone yasitiririke, lakini ngozi ibaki na unyevu. Ndani ya dakika 3, kabla hata ya kuvaa, paka losheni. Miundi, viwiko na magoti vikiwa vimepauka sana, ongeza juu yake mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya mahindi kwa kila eneo, ukiyapasha moto kwanza katikati ya viganja. Ngozi itakunywa vizuri, na nguo hazitachafuka.

8. Ngozi yangu ina mafuta. Kuna haja ya kupaka tena?

Ipo. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti, na uso unaometa unaweza kuwa na kiu ya maji, hasa ukitumia dawa za chunusi. Chagua jeli au losheni nyepesi yenye maelezo kwamba haizibi vitundu vya ngozi.

Kuhusu kunywa maji mengi: kunywa ukiwa na kiu, kwa afya ya mwili mzima. Lakini kwa mtu asiyepungukiwa maji, glasi za ziada hazilainishi ngozi ya juu. Kilainishi ndicho kinachofanya kazi hiyo.

9. Magaga yanaponaje?

Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, sugua sehemu ngumu taratibu kwa jiwe la kusugulia, kausha hadi katikati ya vidole, kisha paka krimu yenye yurea asilimia 20 au 25 na uvae soksi za pamba usiku. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Usikate kwa wembe. Mwenye kisukari asijihudumie mwenyewe, maana jeraha dogo la mguuni kwake linaweza kuwa kubwa kabla hajalihisi.

## Jua

10. Mimi ni mweusi. Nahitaji kinga ya jua kweli?

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inakulinda, na ni zawadi kubwa. Ngozi nyeusi sana inakadiriwa kuwa na kinga ya asili ya karibu SPF 13 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga dhidi ya jua). Hiyo inapunguza sana hatari ya kuungua na ya saratani ya ngozi, lakini haizuii madoa. Ukiwa na madoa ya chunusi au madoa ya ujauzito, jua huyaongezea wino kila siku, na dawa unayopaka usiku inafanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kwa ngozi ya kahawia na nyeusi, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho hukoleza madoa, si miale ya urujuanimno peke yake. Kinga za jua zenye rangi, zilizotiwa oksidi ya chuma, huzuia mwanga huo vizuri zaidi, na hazikuachi na weupe wa majivu usoni. Mwenye madoa sugu atafute hizo.

11. Namba za SPF zina maana gani, na nipake kiasi gani?

SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 karibu asilimia 98. Kwa hiyo ugomvi wa namba si mkubwa kama unavyodhaniwa. Tatizo ni kiasi. Mtu hupaka tone moja, akapata robo ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili ya krimu, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka shina hadi ncha. Kwa mwili mzima unahitaji kama mililita 30. Rudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje, na mara tu baada ya kuogelea au kutoka jasho.

Kofia pana na kivuli ni kinga pia, tena haviishi muda wake. Kioo cha dirisha huzuia miale ya urujuanimno ya aina ya UVB, ile inayounguza, lakini hupitisha sehemu kubwa ya aina ya UVA, inayozama zaidi ndani ya ngozi, kwa hiyo dereva na anayekaa karibu na dirisha wasijisahau.

## Chunusi na madoa

12. Chunusi hutokana na uchafu?

Hapana, na ningependa neno hili lifike kwa kila mzazi anayemgombeza kijana wake kwamba hanawi. Chunusi huanza ndani ya kitundu cha unywele. Homoni huamsha tezi za mafuta, seli zilizokufa hushikana na kuziba mlango, bakteria waishio humo kwa kawaida huzidi, na mwili hupigana nao. Matokeo yake ni uvimbe na usaha. Kunawa mara 6 kwa siku hakufiki huko.

Urithi una nafasi kubwa. Vyakula vinavyopandisha sukari haraka vimehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu. Pia angalia mafuta mazito ya nywele, ambayo huleta vipele mstari mzima wa paji la uso.

13. Nianze na dawa gani?

Kwa chunusi nyepesi, anza na moja kati ya hizi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 huua bakteria. Hiyo ndogo hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, bila kuunguza sana kama hiyo, ila itachubua rangi ya taulo na foronya zako. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 hufungua vitundu, na inawafaa wenye vidutu vyeusi. Adapalini ya asilimia 0.1, kutoka jamii ya vitamini A, hupakwa usiku.

Adapalini hukausha, na wiki za kwanza chunusi zinaweza kuonekana kuongezeka. Paka kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mmoja kwa kila siku 3, ukizoea ongeza. Ipe dawa muda wa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Chunusi kubwa zenye maumivu, zinazoacha mashimo, zinataka daktari mapema, kwa sababu kovu la shimo ni gumu kuliko chunusi yenyewe. Mjamzito asome swali la 25 kwanza.

14. Nizitumbue?

Usizitumbue. Ukiminya, nusu ya usaha hutoka na nusu huzama chini. Yenye kichwa cheupe kinachokutia aibu, ifunike kwa kibandiko cha chunusi usiku, kitavuta majimaji na kuzuia vidole vyako.

15. Chunusi zimeisha lakini zimeacha madoa meusi. Yataondoka lini?

Hili ndilo swali linaloongoza. Ngozi yenye melanini nyingi ikijeruhiwa, iwe kwa chunusi, mbu, kisu cha kunyolea au kusugua, hujibu kwa kumwaga rangi pale palipoumia. Doa la juu juu, la kahawia, hufifia kwa miezi 3 hadi 12. Lililozama chini, lenye rangi ya kijivu au ya samawati, linaweza kuchukua miaka.

Kazi ya kwanza ni kuzuia madoa mapya: tibu chunusi, acha kutumbua. Ya pili ni kinga ya jua kila asubuhi. Ya tatu ni dawa za kusaidia, kama asidi ya azelaiki, niasinamaidi, vitamini C, au adapalini ambayo pengine tayari unaitumia. Piga picha ya uso wako mara 1 kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile. Kioo cha kila siku hudanganya kwa sababu mabadiliko ni madogo, na watu wengi huacha dawa wiki ambayo ilikuwa inaanza kufanya kazi.

16. Ndimu, dawa ya meno na magadi vinafaa?

Ndimu ina pH ya karibu 2, na juisi yake ikipigwa na jua inaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge, kisha doa jeusi la miezi. Dawa ya meno hukausha na kuchoma. Magadi huharibu asidi ya ngozi. Vyote vitatu viache.

17. Ninatokwa vipele vya ndevu kila nikinyoa. Nifanyeje?

Nywele zilizojisokota zikikatwa fupi mno hurudi na kujichoma ndani ya ngozi. Dawa ya uhakika ni kuacha kunyoa kabisa kwa mwezi au zaidi, mpaka nywele zitoke nje. Ukirudi kunyoa, tumia mashine inayobakiza urefu wa milimita 1 hivi. Kama ni lazima kutumia wembe, uwe wa makali mamoja, ufuate nywele zinakoelekea, na usivute ngozi. Vipele vinavyogeuka kuwa vinundu vigumu kisogoni au kwenye taya vionwe na daktari mapema, kabla havijawa makovu makubwa.

## Kujichubua

18. Kung'arisha na kuchubua vina tofauti gani?

Kung'arisha ni kuirudisha ngozi kwenye rangi yake mwenyewe, madoa yakififia na ukavu ukiisha. Kuchubua ni kuishusha chini ya rangi uliyozaliwa nayo. Tazama ngozi ya upande wa ndani wa mkono wako wa juu, ambako jua halifiki. Hiyo ndiyo rangi yako, na hakuna matunzo salama yatakayokupitisha hapo.

19. Mkorogo una nini ndani yake hata uonekane kufanya kazi haraka?

Mara nyingi una kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia melanini isitengenezwe, lakini hupenya hadi kwenye damu na kuharibu figo na neva. Mvuke wake na mabaki yake kwenye taulo na shuka hufika hata kwa watoto wa nyumba hiyo ambao hawajapaka chochote. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Bado vinapatikana. Lebo ikiwa na neno lolote linaloanza na "mercur", au neno "calomel", au ikikuonya usiguse dhahabu na fedha, usiifungue. Isiyo na lebo kabisa, hali kadhalika.

Cha pili ni steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, mfano klobetasoli na betamethasoni. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, kwa siku chache, kwa ugonjwa maalumu. Zikipakwa usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa huonekana, vinyweleo huota mashavuni, michirizi hujitokeza, na jeraha dogo halifungi vizuri.

Cha tatu ni haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, isiyo na kipimo. Madaktari huitumia kwa muda maalumu, kwa kawaida asilimia 4. Ikitumiwa ovyo kwa miaka huleta weusi wa samawati mashavuni na kuzunguka macho ambao hakuna krimu inayouondoa.

Shangazi yangu aliutumia mkorogo miaka 9. Uso wake ulikuwa mweupe na wa kupendeza kwenye picha, lakini viungo vya vidole vyake vilibaki vyeusi, kila kiungo kama kimechovywa wino, kwa sababu ngozi ya hapo ni nene na haichubuki. Mezani alikuwa akikunja ngumi na kuzificha mapajani. Alipofanyiwa upasuaji mdogo, kidonda chake kilichukua muda mrefu kushikana, na nyuzi zilikata ngozi. Sikumhukumu wakati ule, na simhukumu anayeutumia leo. Kuna maneno mengi aliyoambiwa utotoni kuhusu rangi yake, na hayo ndiyo yaliyompeleka huko.

20. Nataka kuacha. Nikiacha ghafla nini kitatokea?

Kama mkorogo wako ulikuwa na steroidi, uso unaweza kuwaka, kuvimba, kuwasha na kujaa vipele ndani ya siku au wiki chache. Wengi hapo hurudi kwenye krimu wakidhani wanaihitaji. Kumbe ni ngozi inadai ilichozoeshwa. Ukiwa umejipaka mwili mzima kwa muda mrefu, usiache peke yako. Mwili unaweza kuwa umepunguza homoni zake za asili, na daktari ndiye apange namna ya kushuka taratibu.

Nenda na kopo lenyewe, useme ukweli wote. Nyumbani baki na vile vitu vitatu vya swali la 4, kwa aina laini kuliko zote. Rangi yako itarudi kwa mabaka kwanza, kisha italingana. Huchukua miezi mingi. Waambie watu wawili unaowaamini ili kuwe na wa kukutia moyo wiki ya tatu, maana hiyo ndiyo huwashinda wengi.

## Matatizo ya mwili

21. Shingo, kwapa na katikati ya mapaja ni peusi. Ni uchafu?

Weusi wa mapajani mara nyingi ni msuguano. Vaa kaptura ndefu ya ndani na upake mafuta ya mgando kabla ya kutembea sana. Lakini weusi mnene, laini kama mahameli, kwenye shingo na kwapa, mara nyingi ni dalili kwamba mwili haupokei insulini vizuri. Usiusugue. Kapime sukari.

22. Kikwapa hakiishi hata nikioga. Nifanyeje?

Jasho lenyewe karibu halina harufu, bakteria ndio wanaolivunja na kulitia harufu. Osha kwapa kwa benzoili peroksaidi ya kunawia, iache dakika 1 au 2, suuza vizuri. Dawa ya kuzuia jasho ipake usiku kwenye kwapa kavu, maana usiku jasho ni kidogo na dawa huingia vizuri. Fua pia nguo za mazoezi mapema, kwani harufu hubaki kwenye kitambaa.

23. Kuna krimu ya kuondoa michirizi?

Hakuna inayoifuta. Mipya, yenye wekundu au zambarau, huweza kupunguzwa kwa matibabu ya daktari. Ya zamani hufifia yenyewe.

24. Mikono yangu ya juu ina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ni ugonjwa?

Hapana, ni mabaki ya seli yaliyoziba vitundu vya nywele, na huja kwa urithi. Krimu ya yurea asilimia 10 hadi 20 au asidi ya laktiki, ikipakwa kila siku, hulainisha. Ukiacha vinarudi.

## Hali maalumu

25. Nina ujauzito. Niache nini?

Acha jamii yote ya vitamini A ya kupaka: retinoli, tretinoini, adapalini. Vidonge vya chunusi kali vya isotretinoini husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto, kwa hiyo ni lazima viwe vimeachwa angalau mwezi 1 kabla ya kushika mimba. Haidrokwinoni nayo iache. Asidi ya azelaiki kwa kawaida huhesabiwa kuwa salama. Madoa ya ujauzito mashavuni na juu ya mdomo mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Kwa sasa kinga ya jua yenye rangi (swali la 10) inatosha.

26. Nimepaka krimu ya muwasho kwenye baka, likapoa kisha likasambaa. Kwa nini?

Huenda ni choa, na krimu yako ilikuwa na steroidi. Steroidi hupoza muwasho huku fangasi wakila kwa raha, na baka hupoteza umbo lake hata daktari akapata shida kulitambua. Acha krimu hiyo na utumie dawa ya fangasi, uendelee kwa muda wote ulioandikwa hata kama muwasho umekwisha. Utango, ule wa mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni, hutibiwa pia kwa dawa za fangasi, lakini rangi hurudi baada ya wiki hadi miezi. Kubaki kwa weupe si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Baka lililofifia rangi na lisilohisi ukiligusa kwa pamba ni jambo jingine. Linaweza kuwa ukoma. Unapona kabisa kwa dawa, na dawa hizo hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1995. Wahi.

27. Mwanangu ana ualbino. Nizingatie nini?

Niliyosema kwenye swali la 10 kuhusu kinga ya asili hayamhusu, kwa hiyo jua kwake ni hatari tangu utotoni. Nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubana, kofia pana pande zote, miwani, na SPF 30 au zaidi kila siku, hata kukiwa na mawingu. Mwombe mwalimu amketishe mbali na dirisha lenye jua na asimsimamishe nje saa za mchana. Ngozi yake ikaguliwe na mtaalamu mara kwa mara, na kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki 4 kipelekwe mara moja.

28. Doa au kipele gani kinanitaka niende hospitali bila kusubiri?

Doa linalobadilika: linalokua, lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi zaidi ya moja, linalotoa damu au kuwasha. Watu weusi wana jambo la kuongeza hapa, kwani saratani ya ngozi iitwayo melanoma ikitupata hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au unaomwaga weusi wake hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha, si wa kawaida, hata kama unakumbuka ulijikwaa kidole hicho. Leo ukioga, keti, inua mguu, utazame unyayo na katikati ya kila kidole. Rangi ya kucha ifute kwanza.